Barua ya wazi kwa wenye dhamana Bagamoyo: Kabla hamjaweka picha, ulizeni watu wawili

Kwa viongozi wa wilaya yetu, wakuu wa shule na wa vituo vya afya, maafisa habari mnaoshika kurasa za ofisi za umma, na ninyi mnaotuletea misaada. Nakala kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA).

Waheshimiwa,

Shikamooni kwa mlionizidi umri, na salamu kwa waliobaki. Mimi ni mpiga picha hapa mjini. Napiga mahafali, maulidi, ubatizo, paspoti za haraka haraka, na zaidi ya yote napiga shughuli za ndani za wanawake: singo (kumsugua bi harusi kwa manukato), usiku wa hina, kumpamba bi harusi, kumtoa mwali. Hizo mwanamume hapewi. Mlangoni simu zote zinakusanywa kwenye kapu, anakabidhiwa shangazi mmoja mkali, na kamera inayopita ni yangu peke yake. Kina mama wanavua ushungi mbele yangu na kucheza wanavyotaka kwa sababu wanajua picha ile haitafika kwa shemeji wala kwa jirani. Kazi ya namna hiyo inamfundisha mtu mambo fulani kuhusu picha, na ndiyo iliyonipa ujasiri wa kuwaandikia.

Ninalotaka kusema ni hili: picha yenye mtu ndani ina watu wawili wa kuulizwa kabla haijawekwa mtandaoni, aliyeipiga na aliyepigwa. Kila mmoja ana haki yake, na ya mmoja haifuti ya mwenzake. Ofisi nyingi tulizonazo haziulizi hata mmoja wao.

Nianze na jepesi. Mji Mkongwe wetu una milango ya nakshi ambayo hakuna mgeni anayepita bila kuipiga. Nami niliwahi kudamka nikausubiri mmoja mpaka jua liuguse, kabla bodaboda hazijajipanga mbele yake, nikaupiga, nikaiweka picha kwenye ukurasa wangu na jina langu kwa maandishi madogo pembeni. Baadaye nikaikuta kwenye kalenda ya ofisi moja, na tena kwenye bango la kikao. Pembeni pamekatwa, jina halipo. Nilipokwenda kuuliza, kijana aliyenipokea alikuwa na adabu zake zote. “Dada, hiyo tuliitoa Google.” Nikamwambia Google hakuwepo alfajiri ile. Akacheka, akasema nishukuru, kwani wamenitangaza. Kumtangaza mtu kwa kumkata jina ni ufundi ambao mimi bado sijaufikia.

Ofisi yenyewe siitaji, maana si peke yake. Fungueni ukurasa wowote wa habari mtaona chini ya picha pameandikwa “Picha kwa hisani ya mtandao”, kana kwamba mtandao ni bwana fulani mwenye studio Magomeni.

Kwa faida ya kijana yule na wenzake: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inazitaja kazi za picha miongoni mwa kazi inazozilinda. Ulinzi unaanza pale kazi inapotungwa. Huhitaji cheti, muhuri wala alama ya herufi C kwenye duara (©), ingawa kusajili COSOTA kunasaidia siku ukihitaji ushahidi. Mtunzi ana haki ya kuruhusu au kukataa kazi yake kunakiliwa, kusambazwa, kuonyeshwa hadharani. Ana haki pia ya kutajwa kuwa ndiye aliyeitunga, na ya kupinga isikatwekatwe na kuharibiwa. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa nchi kulindiana hakimiliki, tangu mwaka 1994, kwa hiyo hata picha ya Mjerumani au Mjapani mnayoiokota huko inalindwa hapa hapa kwetu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo ina kifungu kinachomgusa anayetumia kompyuta kuvunja haki za namna hii.

Hoja ya kuwa “ukishaposti ni ya wote” haina mguu wa kusimamia. Masharti ya Instagram na Facebook yenyewe yanasema picha inabaki kuwa ya aliyeiweka. Kampuni inapewa leseni ya kuitumia katika huduma zake. Leseni hiyo kapewa mwenye mtandao. Ofisi iliyopita njia na kuipakua haikupewa kitu. Na sheria haikufunga kila mlango: kunukuu, kuripoti tukio la siku, kufundishia, vyote vina nafasi yake na mipaka yake, pamoja na kutaja chanzo na jina la mtunzi pale lilipo. Kalenda ya mwaka mzima haimo. Ajabu ni kwamba wengi wetu tungewapa bure, mngeomba kwa ujumbe wa mistari miwili.

Basi. La mlango linanikera, lakini nalala usingizi wangu. Mlango hauna aibu, hauna mume, wala kesho hauendi shule. Kilichonikalisha kuandika ni picha za watu.

Chukueni hizo ninazopiga kwenye singo. Mtunzi ni mimi, kamera ni yangu, taa nimenunua kwa mkopo wa kikoba. Hakimiliki inanipa nguvu ya kumzuia mwingine asiitumie kazi yangu; sura ya bi harusi haikunipa. Kuna wenzangu mjini hapa wanaomweka bi harusi kwenye ukurasa wao kama tangazo la biashara kabla hata hajafika kwa mumewe, na ukiwauliza wanajibu, “Si nimepiga mimi?” Hawana tofauti na ofisi ile, wamekosea upande wa pili tu. Karatasi ninayosainiana na mteja inauliza mambo mawili mbalimbali: nani anabaki na haki ya picha baada ya malipo, na kama ninaruhusiwa kuonyesha yoyote hadharani, ni ipi hiyo. Wengi la pili wanakataa. Siwapunguzii kazi kwa sababu hiyo, wala siwaongezei bei.

Kama mimi mwenye kibanda na kamera moja naweza, ofisi yenye masijala inashindwaje?

Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Inazibana taasisi za umma kama inavyozibana za binafsi. Ndani yake kuna kundi la taarifa nyeti, na humo zimo taarifa za afya na taarifa za watoto. Hizo hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi iliyotolewa kabla; kwa mtoto, ridhaa inatoka kwa mzazi au mlezi. Aliyeridhia akibadili mawazo anaweza kuiondoa ridhaa yake wakati wowote, bila kujieleza na bila kulipa. Na kabla ya sheria hiyo ilikuwepo Katiba, ibara ya 16, inayompa kila mtu heshima na hifadhi ya maisha yake binafsi na ya familia yake.

Sasa twendeni wodi ya wazazi siku ya kukabidhi msaada.

Mama kajifungua usiku. Asubuhi wanaingia watu wenye fulana za kufanana, wamebeba maboksi ya sabuni, doti za kanga na pampasi, na nyuma yao mtu ameinua simu. Mama anaambiwa akae vizuri, amgeuze mtoto aelekee huku, acheke kidogo. Atasema hapana vipi? Yuko kitandani, vifungo vya gauni viko wazi, mganga mkuu amesimama na wageni wake, na boksi limeshawekwa miguuni pake. Jioni ile ile uso wake na wa kichanga uko kwenye ukurasa, na jina lake, na kijiji anachotoka. Pwani yetu mtoto hatolewi nje mpaka arobaini. Bibi yake anamfunika kanga hata anapochungulia jirani. Huyu kaonekana na watu wa Mwanza na Mtwara kabla bibi hajapata nauli ya kuja kumwona.

Hapo hakimiliki haina kesi. Aliyepiga ni afisa wa ofisi yenyewe, simu ni ya ofisi. Ndiyo maana nasema haki hizi ni mbili. Picha inaweza kuwa yenu kabisa kwa sheria ya mwaka 1999 na bado msiwe na ruhusa ya kuionyesha kwa sheria ya mwaka 2022.

Nyingine ni zile za taulo za kike. Jambo lenyewe jema, Mungu awalipe wanaotoa. Najua mabinti wanaokosa masomo kila mwezi kwa kukosa kitu hicho. Lakini kwa nini wasimamishwe mstari, nembo ya shule kifuani, kila mmoja ameinua pakiti yake juu, na watu wazima wenye vyeo wamejipanga katikati yao wakitabasamu? Mimi nililelewa na somo aliyenifundisha kuwa kitambaa cha hedhi hakianikwi mahali kaka yako anapopita. Binti wa miaka kumi na mitatu anatangaziwa siri hiyo kwa wilaya nzima, kisha kesho yake anatakiwa akae dawati moja na wavulana walioiona picha kwenye simu za baba zao. Na wale wanaopewa sare, chini ya picha panaandikwa jina kamili, shule, darasa, na kwamba ni yatima au “anaishi katika mazingira magumu”. Sare itachakaa kabla ya mwaka kwisha. Yale maandishi atayakuta siku anaomba kazi.

Najua mtanijibu nini. Mfadhili anataka ushahidi. Mkubwa anataka kuona kazi imefanyika, na afisa habari anadaiwa picha kila jioni kama anavyodaiwa kodi ya nyumba. Wananchi nao wana haki ya kujua msaada ulifika au umeishia stoo. Yote ni kweli, na sipendi ofisi inayofanya kazi gizani. Ila ushahidi una njia nyingi: hati ya makabidhiano iliyosainiwa, picha ya maboksi, ya mikono, ya migongo, ya meza iliyojaa vitabu kabla watoto hawajaingia. Mpiga picha anayejua kazi atawapa picha nzuri ya ugawaji wa taulo bila uso wa binti hata mmoja. Niiteni nije niwaonyeshe. Tena picha ya ripoti inayokwenda kwa mfadhili si lazima iende pia kwenye ukurasa wa umma. Hizo ni safari mbili, kila moja iombewe ruhusa yake.

Mkisema tutaifuta mhusika akilalamika, mnajua wenyewe haifutiki. Mtu ameshapiga skrinishoti, imeshaingia makundi ya WhatsApp, imeshatoka huko na maneno mengine. Matapeli wanapenda sana picha ya mtoto mgonjwa. Wanaichukua, wanaweka namba yao ya simu na kuandika “tumsaidie mwanetu”. Siku hizi kuna programu za akili mnemba zinazomvua mtu nguo kwenye picha aliyopiga amevaa buibui. Mabinti wa mstari wa taulo wanaingia huko nao.

Kuna dogo la kiufundi ambalo pengine hamlijui. Picha ya simu, kama kamera imeachiwa ruhusa ya kujua mahali, inahifadhi ndani yake saa na eneo ilipopigwa. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo zinaondolewa. Ukiituma kama dokumenti ili isipoteze ubora, zinakwenda nayo, na kutuma kama dokumenti ndiko mnakotudai kila mara. Mlezi anapompokea mtoto aliyekimbizwa kutoka kwa baba mpigaji, ramani ya nyumba isipelekwe ndani ya picha. Zimeni hiyo ruhusa kwenye simu za ofisi leo hii. Ni kazi ya dakika moja.

Msidhani nawazungumzia mama na watoto tu. Kule soko la samaki, mkaanga samaki anashtukia lenzi ndefu iko usoni wakati jasho linamtiririka kwenye karai, na mwaka unaofuata mpwa wake aliye Ulaya anamtumia picha hiyo ikitangaza hoteli ambayo yeye hajawahi kuvuka geti lake. Mtalii ana hakimiliki yake, simpokonyi. Kumgeuza mama yule tangazo la biashara ni suala jingine, na wenye hoteli na wenye kutembeza wageni hapa mjini wanapaswa kuambiwa hivyo na ninyi mnaowapa leseni. Mji huu umezoea kupigwa picha bila kuulizwa tangu enzi za Mjerumani, kabla makao makuu yake hayajahamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Wapagazi wale wenye pembe za ndovu mabegani, mnaowaona vitabuni, mara nyingi chini yao limeandikwa jina la mpiga picha au la makumbusho yanayoihifadhi. La mpagazi halipo.

Jirani zetu wameshaanza kulipia. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza shule moja ya Uthiru shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi wao. Baa moja ya Nairobi ikatozwa 1,850,000 kwa picha ya mteja aliyekuja kustarehe tu. Nisingependa shule yetu yoyote ipoteze madawati yake yote kwa njia hiyo. Lakini nisingependa pia tungoje faini ndipo tujifunze adabu.

Ninachoomba ni hiki. Ridhaa iombwe kabla simu haijatoka mfukoni, iombwe na mtu asiye na boksi mkononi, na anayekataa apewe msaada wake sawa na aliyekubali. Aambiwe picha inakwenda wapi, kwa sababu mtu anaweza kukubali ubao wa matangazo na akakataa Facebook. Kwa mgonjwa aliye kitandani, ningeshauri jibu liwe hapana siku zote. Sioni picha ya wodini ambayo wilaya haiwezi kuishi bila kuwa nayo. Shule zipeleke fomu nyumbani muhula unapoanza, zisingoje siku ya mgeni rasmi. Kila ukurasa wa ofisi uandike namba moja ya simu na cheo cha mtu wa kupigiwa picha iondolewe, na aiondoe siku hiyo hiyo kwanza, maswali baadaye. Na kila picha isiyopigwa na ofisi iwe na jina la aliyeipiga na ujumbe wake wa kukubali uliohifadhiwa kwenye faili. Kama havipo, tumieni picha nyingine.

Tume, tunaomba mwongozo wenu ufike huku chini katika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha mwalimu mkuu na muuguzi wa zamu, si kile cha mawakili. COSOTA, wanamuziki wameshazoea kuwatafuta. Nasi wenye vibanda vya paspoti na kamera za harusi tunahitaji siku moja ya kukaa nanyi hapa Bagamoyo, tujue tusajili vipi na tudai vipi bila kuanza na wakili.

Fomu ya ridhaa nimeshaiandika, upande mmoja wa karatasi, na nimeisoma mbele ya kina mama wa kikoba chetu mpaka wote wakaielewa. Nitaileta masijala pamoja na nakala ya barua hii; anayeitaka aichukue na airekebishe apendavyo. Lakini kabla ya kikao chochote cha kuijadili, naomba picha za wodini, za taulo na za yatima zilizopo sasa hivi kwenye kurasa zenu ziondolewe wiki hii.

Wenu,
Mpiga picha wa shughuli,
Dunda, Bagamoyo